Mpiga Rithimu Hana Filamu

Ubishi huanza kiti kinaporushwa. Terence Fletcher, mwalimu wa bendi ya chuo cha muziki katika filamu ya Whiplash, anamrushia kiti mpiga drams wake kwa sababu kijana hashiki mwendo, mara anakimbiza mapigo, mara anayachelewesha. Kiti kinamkosa kichwa kidogo tu, na watazamaji wa hapa Kahama wanagawanyika papo hapo. Vijana wa kwenye makarasha, ambao mchana kutwa wanasaga mawe ya dhahabu, wanaona sawa: mtu hatoki bila kusagwa. Mama mwenye banda la chipsi anasema mtoto wa mwenzio hafundishwi hivyo, na angekuwa wake angekwenda hapo chuoni kanga imefungwa kiunoni.

Filamu yenyewe ni ya mwaka 2014, kazi ya Damien Chazelle, na J.K. Simmons aliyeigiza mwalimu yule aliondoka na tuzo ya Oscar. Hapa kwetu inazunguka kwenye flashi kama filamu nyingine yoyote. Mgodi wa Buzwagi, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2009 na kufungwa 2021, uliwaleta watu wa kila mkoa pembezoni mwa mji huu, kwa hiyo filamu ikiwekwa haikosi waamuzi.

Mwamuzi ninayemsikiliza mimi ni mzee mmoja aliyepiga gitaa la rithimu ujanani, katika bendi za dansi zilizokuwa zikipanda na kushuka na reli kati ya Tabora na Mwanza. Yeye kiti hakigusi kabisa. Anauliza wachezaji wako wapi. Filamu nzima inahusu bendi, watu wanatoka damu mikononi, na hakuna hata mmoja anayenyanyuka kucheza. Sasa wanampigia nani?

Swali linachekesha, lakini limebeba kipimo cha ufundi ambacho filamu hizi za wanamuziki wa jazz hazikijui. Bendi zetu nazo ziliitwa Jazz: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz. Muziki wao ulikuwa rumba na ndugu zake, na kazi yao ilikuwa kuwaweka watu uwanjani hadi majogoo. Kila bendi ilijitambulisha kwa mtindo wake. Western Jazz walikuwa na saboso, Tabora Jazz segere matata, NUTA msondo. Mtindo ndio uliomleta mtu ukumbini, na mtindo haukukaa kwenye koo la mwimbaji wala vidole vya mpiga solo peke yake. Ulikaa chini zaidi, kwenye ngoma, besi na gitaa la rithimu.

Chukua wimbo wowote wa Mlimani Park, bendi iliyoundwa mwaka 1978 na kuutangaza mtindo wa sikinde. Sikiliza magitaa tu, waache waimbaji waseme yao. Solo liko juu, linang'aa, linakuita. Chini yake kuna la pili, ambalo wenyewe wanaliita second solo, linalozungusha kifungu kifupi katikati ya mapengo ya lile la kwanza. Na nyuma kabisa kuna rithimu. Usipolitafuta hulisikii. Likinyamaza, wimbo mzima unakaa upande, na mchezaji uwanjani anajikuta ameukosa mguu bila kujua kilichompata.

Nilimwomba mzee anionyeshe. Gitaa lenyewe lilikuwa bovu, uzi mmoja haupo, lakini mkono ulikuwa bado unajua njia. Nilitarajia kutazama mkono wa kulia wenye piki; akaniambia nitazame wa kushoto. Vidole vinabana nyuzi shingoni, sauti inatoka, kisha vidole vinalegea, vikiwa bado juu ya nyuzi, na sauti inakatika. Kubana na kulegeza, kubana na kulegeza. Mkono wa kulia unakwenda juu na chini bila kusimama, hata pale ambapo hakuna sauti inayotakiwa, kwa sababu ukisimama utachelewa kurudi. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya mapigo yake hayasikiki. Anayapiga ili yale machache yanayosikika yaangukie mahali pake. Akashikilia kodi tatu zilezile mpaka chai ikapoa, bila kuongeza pambo hata moja, na mimi nikaanza kusikia gitaa la pili ambalo halikuwepo.

Huo ndio ugumu ninaoustaajabia. Kupiga haraka kunajifunzwa. Whiplash inaonyesha vizuri sana jinsi kunavyojifunzwa, pamoja na jagi la barafu la kutumbukizia mkono unaovuja damu. Kupiga kitu kimoja dakika nane bila kuchoka, bila kujionyesha, na bila kukimbia wimbo unapoingia kwenye chemko na ukumbi wote umepata wazimu, ni ufundi wa aina nyingine. Kwenye chemko ndipo wapiga rithimu wengi huharibu. Wapulizaji wameingia, tumba zinaita, na kila kiungo cha mwili kinataka kuongeza mwendo. Anayejua kazi anakaa palepale.

Na kosa lilikuwa na gharama. Nyimbo nyingi tulizozisikia Radio Tanzania zilirekodiwa bendi nzima ikipiga kwa pamoja studioni, si kila mtu kwa zamu yake kama leo. Rithimu akiteleza karibu na mwisho, hakuna wa kumfuta peke yake.

Wasukuma wanalijua jambo hili kutoka shambani. Katika bugobogobo, ngoma ya majembe, mpiga ngoma ndiye anayepanga mwendo wa wanaolima, na mwendo ukipanda ovyo migongo ndiyo inayolipa. Mashindano ya vyama vya ngoma vya Wagalu na Wagika nayo yamewafundisha watu wa kanda hii kuhukumu: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wanatoa hukumu kwa kuhamia upande unaowavuta. Ndiyo maana sishangai mzee kuuliza wachezaji. Kwake mtazamaji ana miguu.

Fletcher hupenda kusimulia jinsi mpiga drams Jo Jones alivyomrushia mpiga saksafoni Charlie Parker tasa la drams kichwani, Parker alipokuwa kijana. Kisa cha kweli, cha Kansas City miaka ya 1930, kinasema tasa lilitupwa chini, miguuni, ili kumwondoa jukwaani. Filamu imelipandisha mpaka kichwani. Sisi tulikuwa na mwalimu wa namna nyingine: Michael Enoch, aliyetokea Dar es Salaam Jazz na baadaye akawa nguzo ya Mlimani Park, alipiga gitaa, saksafoni na kinanda, na wanamuziki wenzake walimwita Ticha. Maisha yake yanastahili filamu, ingawa nakiri mtayarishaji angepata tabu kuuza tiketi kwa hadithi ya mtu anayepanga magitaa matatu yasigongane.

Kuna filamu moja ninayodhani mzee angeipenda: 'Round Midnight ya Bertrand Tavernier, 1986, ambamo Dexter Gordon, mpiga saksafoni wa kweli, anaigiza na muziki unapigwa hapohapo kamera zikiwaka. Wapigaji wanatazamana. Unaona mtu akimsubiri mwenzake amalize. Bird ya Clint Eastwood, ya mwaka 1988, inayomhusu Charlie Parker, ni habari tofauti. Ili sauti ipendeze sinema, saksafoni ya Parker ilitolewa kwenye rekodi za zamani, waliomsindikiza wakaondolewa, wakawekwa wapigaji wapya.

Hilo nilimsimulia mzee. Hakukasirika, alitaka kujua ilivyofanyika. Kisha akauliza kama wale wapya walimfuata Parker vizuri. Nikasema wanafuata vizuri, ni mafundi. Akatikisa kichwa: Parker yeye hawezi kuwasikia, kwa hiyo hiyo ni kazi nusu. Mpiga solo anapinda kwa sababu amesikia kitu nyuma yake. Vijana wakambishia kwamba siku hizi nyimbo zote zinatengenezwa hivyo, kila mtu na saa yake, na watu wanacheza vilevile. Akawaambia waweke moja wacheze, aone.