Makumbusho ya Vita na Lugha Yake: Lari, Songea na Suala la Shieywe

Wahakiki wetu wamezoea kuichagua kazi ya kuhakiki kutoka katika rafu ya vitabu. Riwaya, tamthilia na diwani zimepata haki yake, na hatuna ugomvi na mazoea hayo. Katika makala haya, hata hivyo, tunakusudia kuhakiki kazi ya namna nyingine, yaani nyumba ya makumbusho inayotunzwa na wanakijiji wanaojitolea, kwa lengo la kuhifadhi habari za vita vilivyopiganwa mlangoni mwao. Nyumba kama hiyo ina watunzi, ina hadhira, ina mpangilio wa matukio, na zaidi ya yote ina uteuzi wa maneno. Kwa hiyo yafaa isomwe kama isomwavyo kazi yoyote ya sanaa, na ihukumiwe kwa inayoyasema na kwa inayoyanyamazia.

Tuanze na jina. Kitenzi kumbuka kimetupatia kumbukumbu, ukumbusho na makumbusho. Neno la kwanza limetokana na kukumbuka kwenyewe. Mawili ya mwisho yamejengwa juu ya kukumbusha. Kiingereza hakina uhusiano huu. Mnara wa wafu una neno lake, na nyumba ya vitu vya kale ina neno jingine lenye asili ya Kigiriki, na Mwingereza haoni undugu wowote kati yake. Kwetu ni mtoto na ndugu yake. Tena kukumbusha ni kitenzi kinachodai yambwa mbili: mtu anayekumbushwa na jambo analokumbushwa. Makumbusho yasiyomkumbusha mtu yeyote jambo lolote yamepingana na jina lake. Swali la uhakiki basi limekwisha kutolewa na sarufi: ni nani anayekumbushwa, na anakumbushwa nini?

Mfano ulio bora zaidi nchini Kenya ni Lari Memorial Peace Museum, iliyoanzishwa mwaka 2001 huko Kimende, katika Kiambu. Tukijaribu kulitafsiri jina hilo tutapata Makumbusho ya Amani ya Ukumbusho wa Lari, na ulimi utajikwaa mara mbili katika shina lile lile. Chimbuko lake ni harakati za makumbusho ya amani ya kijamii zilizoanzishwa na Sultan Somjee katika miaka ya 1990. Somjee alitoka katika Makumbusho ya Taifa, akaziendea jamii mbalimbali na kuzihimiza zikusanye vyombo vilivyotumika zamani katika kupatanisha watu: fimbo, vibuyu, shanga, mikanda, hata miti. Vyombo hivyo vilitunzwa na watu wa mahali penyewe, na wengi wao hawakulipwa.

Lakini Lari si mahali pa fimbo na vibuyu tu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walizivamia nyumba za watu walioonekana kuiunga mkono serikali ya kikoloni, wakazitia moto. Waliouawa walizidi 70, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Luka Wakahangara, mzee aliyewaongoza waliokubali kuhamishwa kutoka Tigoni ili ardhi yao iwe ya walowezi, wakapewa Lari badala yake. Wale waliokataa mapatano hayo walibaki bila kitu, na chuki ya ardhi ilitangulia kiapo kwa zaidi ya miaka kumi. Mara baada ya shambulio, homgadi na askari wa serikali walilipiza kisasi, wakawaua watu wengine wengi ambao hesabu yao haikutangazwa kamwe kwa namna ile ile. Kisha yakafuata mashtaka ya makundi, na watu 71 wakanyongwa.

Picha za maiti za mauaji ya kwanza zilipigwa na serikali na kusambazwa ulimwenguni, ili Mau Mau ionekane kuwa ni ushenzi mtupu. Mauaji ya pili hayakupewa mpiga picha. Sasa picha zile zile zimo katika makumbusho ya Kimende, zikitazamwa na wajukuu wa pande zote mbili. Hapa ndipo tunapoiona sanaa ya watunzi hawa. Picha haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni hadhira na nyumba inamotundikwa. Ilichotengenezewa na mkoloni ni kuishitaki jamii nzima. Katika chumba cha Lari inalazimika kusimama karibu na masimulizi ya waliofiwa usiku uliofuata. Annie Coombes, aliyeyachunguza makumbusho haya kwa makini, amelijadili sana jambo hili la picha, nasi tunakubaliana naye kwamba ni ushindi mkubwa kwa watu wasio na bajeti.

Jambo jingine la kusifiwa ni kwamba waliokuwa Mau Mau na waliokuwa homgadi walikaa pamoja kuianzisha nyumba hiyo. Ikumbukwe kuwa marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau haikuondolewa mpaka mwaka 2003. Kwa hiyo wanakijiji wa Lari waliitangulia serikali yao kwa miaka miwili.

Hata hivyo tuna kasoro ya kuitaja, nayo imo katika neno amani. Hatuipingi amani. Tunachotilia shaka ni kuiweka katika jina kabla mgeni hajasikia habari za vita. Amani ikitangulia, inamwamuru msikilizaji namna ya kusikiliza, kama vile mwandishi wa riwaya anayetueleza katika ukurasa wa kwanza kwamba wahusika wake watapatana. Mgogoro wa Lari ulikuwa wa ardhi, na mgogoro wa ardhi hautatuliwi kwa kupeana mikono ndani ya chumba cha picha. Tunasema haya tukijua kwamba wenyeji wenyewe walilichagua neno hilo kwa hekima: pengine bila amani mlangoni hakuna ambaye angeingia.

Suala la msamiati ni gumu zaidi. Aliyebeba bunduki ya serikali tumwiteje? Kiingereza cha wakati ule kilimwita mtiifu. Wakikuyu walimwita ngati. Kiswahili cha mitaani kilichukua neno homgadi, na Kiswahili cha majukwaani baada ya uhuru kikamwita msaliti. Kila neno limekwisha kutoa hukumu, isipokuwa homgadi, ambalo kwa sababu ya ugeni wake limebaki kuwa jina la kazi tu. Mwandishi wa makala haya angelichagua hilo. Maneno ya mkopo tunayoyadharau mara nyingine yana uadilifu ambao maneno yetu wenyewe yamekwisha kuupoteza katika siasa.

Tulinganishe na Songea. Makumbusho ya Majimaji yalianzishwa huko mwaka 1980 kwa juhudi za wazee na wenyeji, na mwaka 2010 yakakabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Yamejengwa karibu na kaburi la pamoja la mashujaa wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na siku hiyo huadhimishwa kila mwaka. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba msamaha. Tofauti kubwa na Lari ni kwamba mgeni wa Songea anafika akiwa amekwisha kuandaliwa na fasihi. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitolewa mwaka 1969, ikasomwa shuleni kwa vizazi, na imemzoeza Mtanzania wa kawaida kuifikiri vita ya Majimaji, pamoja na makosa yake, kwa Kiswahili. Kwetu Kenya, Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi ilitolewa mwaka ule ule, lakini sehemu kubwa ya kumbukumbu za wapiganaji wenyewe, kwa mfano zile za Waruhiu Itote na J. M. Kariuki, ziliandikwa kwa Kiingereza. Wanaozitegemea kufundishia historia hulazimika kutafsiri wanapozungumza na mzee aliyekuwapo.

Sasa tuje Shieywe, yaani Kakamega penyewe. Makao ya wilaya ya North Kavirondo yalihamishiwa hapa kutoka Mumias mwaka 1920, na kutoka eneo hili na Nyanza kwa jumla vijana walichukuliwa kwa maelfu katika vita vyote viwili. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, ndiye aliyepewa mwaka 1917 kazi ya kuwakusanya wapagazi wa jeshi. Kwa hesabu rasmi peke yake, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Katika vita vya pili Kenya ilitoa wanajeshi zaidi ya 90,000, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw huko Burma.

Nini kimewakumbusha watu hawa? Jijini Nairobi, katika barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue, zimo sanamu za shaba zilizosimamishwa miaka ya 1920, zenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Kiingereza chake kilitungwa na Rudyard Kipling. Maandishi yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa watoto wake watalikumbuka jina lake. Msomaji akiyamaliza ayatazame majina ya wapagazi: hakuna hata moja. Ahadi ya kukumbukwa kwa jina imechongwa juu ya jiwe lisilo na majina! Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba hesabu yaweza kufikia 350,000.

Majina hayakuwekwa katika shaba, lakini lugha iliyahifadhi mambo kwa njia yake. Herufi tatu za kikosi cha King's African Rifles, K.A.R., zilisomwa na wenyeji kama neno, likapatikana keya. Kikosi cha kazi kilichoitwa Pioneer kikawa panyako. Maneno haya yaliingia katika Kiluhya na Kijaluo, yakawa majina ya watu, na leo Magharibi ya Kenya utamkuta kijana aitwaye Keya au Panyako ambaye hajawahi kuishika bunduki. Kadhalika kambi za wapagazi, yaani Carrier Corps, zilituachia Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mwenye kununua nyanya Kariakoo anasimama juu ya kambi ya wafu, lakini neno halimkumbushi tena.

Pamoja na maneno hayo kulikuwako Kiswahili cha jeshi chenyewe, ambacho Mungai Mutonya na Timothy Parsons walikichunguza katika makala yao ya mwaka 2004 na kukiita KiKAR. Wasanifishaji wa lugha, tangu Kamati ya mwaka 1930, walikitazama kama Kiswahili kilichovunjika, nasi walimu tumerithi dharau hiyo. Lakini kwa kijana wa Isukha aliyewekwa bega kwa bega na Mnyasa, Mkamba na Mnandi, hicho ndicho kilikuwa Kiswahili cha kwanza maishani mwake, alichopewa amri nacho na alichoimbia njiani. Tukimwandikia maelezo kwa Kiswahili sanifu kitupu tutakuwa tumemvua sare yake.

Jambo hili lina haraka. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa upesi. Ni vyema. Lakini ngoma bado ina vijana wa kuipiga. Kijana aliyekuwa na miaka 18 huko Kabaw leo angekuwa amekaribia miaka 100. Kilichobaki ni wajane, watoto, barua chache, medali na vitabu vya malipo katika masanduku ya nyumbani. Uingereza, mwandishi alipokuwa akisomea shahada ya pili, aliziona nyumba ndogo za namna hii za vikosi vya wilaya, na mara nyingi mlangoni alikaa mwanajeshi mstaafu asiyelipwa, akieleza kila kifungo kilitoka wapi. Kifungo bila mzee kilikuwa kifungo tu.

Wako watakaosema kwamba Kakamega ina Kituo cha Utamaduni cha Nabongo karibu na Mumias, penye makaburi ya wafalme wa Wanga. Hicho kinastahili heshima, lakini ni makumbusho ya nasaba. Mwaka 1895 Hobley aliposhambulia ngome za Wabukusu za Lumboka na Chetambe, wapiganaji wa Wanga walikuwa upande wake. Kilima cha Chetambe kiko Webuye, makaburi ya wafalme yako Matungu, na simulizi mbili za vita vile vile zinakaa kila moja kwao. Chumba kimoja kitakachoziweka ukutani pamoja, kama walivyothubutu watu wa Lari, kingekuwa kazi ngumu kuliko kukusanya medali, nacho kingejua kwa hakika kinamkumbusha nani.

Kazi ya idara yetu katika hili si kununua makabati. Ni kuwatuma wanafunzi wa Shieywe, Lurambi na Shinyalu na vinasa sauti nyumbani kwao wenyewe, na kuandika maelezo ya vitu kwa Lwisukha, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Na panapokuwa na picha ya mzee katika sare yake, kibandiko kianze kwa neno alilojiita mwenyewe, keya, kwa herufi kubwa; maelezo yetu ya Kiswahili sanifu yafuate chini yake.