Defender: Usiyemwokoa Anarudi Kukuwinda

Gemu nyingi za anga za enzi ya mashine za sarafu zilimpa mchezaji kazi moja, kufyatua kila kinachosogea. Defender, iliyotolewa na kampuni ya Williams ya Chicago mwaka 1981, ilimkabidhi watu 10 awalinde. Uamuzi huo wa waundaji wake, Eugene Jarvis na wenzake, ndio unaoibeba gemu nzima.

Watu hao wametawanyika kwenye sayari ambayo milima yake ni mstari tu uliochorwa kwa kupanda na kushuka. Viumbe watekaji wanateremka, mmoja anamnyakua mtu na kuanza kupaa naye wima. Akifika juu kabisa ya skrini, mtekaji na mateka wanaungana na kuwa zimwi linalokujia kwa kasi huku likiyumbayumba, hata kulilenga ni kazi. Kwa maneno mengine, kosa lako haliishii kwenye pointi. Linageuka adui mwenye mbio kuliko yule uliyeshindwa kumzuia. Wakiisha watu wote, sayari inalipuka, ardhi inatoweka, na watekaji waliobaki wanakuwa mazimwi kwa mpigo mmoja. Hata hapo hujatolewa mchezoni: ukihimili hadi awamu ya 5, ya 10 au nyingine ya mtindo huo, sayari na watu wake wanarejeshwa.

Tuangalie uokoaji wenyewe. Ukimpiga mtekaji akiwa bado chini, mateka anadondoka salama na unapata pointi 250. Ukimpiga akiwa juu, anayeanguka atakufa usipomwahi. Ukimdaka hewani ni 500, ukimtua ardhini ni 500 nyingine. Na mwali wa bunduki yako hauchagui, unamuua mateka sawasawa na mtekaji. Hivyo mchezaji mzoefu humwacha adui apande kidogo kwa makusudi, huku akijua kwamba akichelewa kidogo tu atakuwa amejitengenezea zimwi. Tamaa na huruma zimewekwa kwenye tendo lilelile, na sijaona gemu ya wakati ule iliyozifunga pamoja kwa ustadi kama huu.

Haya yote yasingewezekana bila rada. Dunia ya Defender ni pana kuliko skrini, na ukienda upande mmoja bila kugeuka unaizunguka hadi ulikoanzia. Ukanda mwembamba ulio juu unaionyesha yote kwa nukta. Unapigana hapa, na papo hapo jicho linaona nukta mbili zikipaa pamoja upande wa pili wa sayari. Unaacha vita uliyo nayo, au unamwacha mtu yule?

Kwenda kwenyewe kunahitaji mikono iliyofunzwa. Mkono wa kushoto una kishikio cha kupanda na kushuka tu, pamoja na kitufe cha kugeuza chombo chako cha anga. Wa kulia unasukuma injini, unafyatua, na unalipua bomu linalosafisha kila adui aliye kwenye skrini. Wengi waliikimbia mashine kwa wingi huo wa vitufe, lakini naona ulistahili: chombo kina msukumo wake, hakisimami ghafla. Ukikigeuza, mandhari inateleza hadi chombo kikae upande wa nyuma wa skrini, ili nafasi kubwa ibaki mbele yako, kule hatari inakotokea. Chombo kingekaa katikati, kwa kasi ile ungegonga adui kabla ya kumwona.

Kitufe kimoja ndicho ninachokilaumu, kile cha kukurusha mahali pengine bila kuchagua. Wakati mwingine chombo kinalipuka papo hapo kinapotokeza. Katika gemu ambayo kila kifo kina sababu unayoweza kuionyesha kwa kidole, hicho kinabaki kifo cha bahati mbaya tu.