Namna ya Kupima Maelezo ya Msaada: Mfano wa Git

Ukitaka kujua kama maelezo ya msaada ya amri yameandikwa na fundi, usianze na ufupi wake wala ufasaha wake. Tazama kama yanataja kile ambacho amri haitakigusa. Git, programu ya kusimamia matoleo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, inafaa kwa kipimo hiki kwa kuwa jambo lilelile imelieleza mara mbili. Andika git commit -h, na mbele ya chaguo -a utaambiwa kwamba faili zote zilizobadilika zitakomitiwa. Fungua mwongozo kamili, utakuta zinazochukuliwa ni zilizobadilishwa au kufutwa, na kwamba faili mpya ambazo Git haijajulishwa haziguswi. Maelezo ya kwanza yamenyooka, ila hilo “zote” linampoteza mgeni, kwani kwake faili aliyoiunda leo asubuhi nayo ni badiliko. Atakomiti, atasukuma kazi yake, mwenzake ataivuta, na programu itagoma kwa kukosa faili iliyobaki kwenye kompyuta moja tu. Kishazi kimoja cha kukanusha kingezuia usumbufu wote huo.

Watakaopinga watasema msaada mfupi ni wa kuwakumbusha wajuzi, na anayetaka undani aende kwenye mwongozo. Hoja ina uzito, lakini kuandika “zote zinazofuatiliwa” kunaongeza neno moja tu, na mjuzi naye hukwama palepale mgeni anapokwama: git stash huacha faili mpya zilipo mpaka uongeze -u, na katika git apply chaguo --cached hugusa eneo la maandalizi peke yake, ilhali --index hugusa na faili zenyewe. Nani anayakumbuka haya yote saa ya haraka?

Pingamizi zito zaidi ni kwamba maneno hayaponyi amri iliyoundwa vibaya. Ni kweli. Kwa miaka mingi git checkout ilihamisha mtu kutoka tawi hadi tawi, na hiyohiyo ikarudisha faili katika hali ya zamani, mabadiliko ambayo hayajakomitiwa yakapotea. Hakuna sentensi moja ambayo ingeweza kuiwekea mpaka. Mwaka 2019, toleo la 2.23 lilileta git switch na git restore, kila moja na kazi yake. Kwa hiyo maelezo yanayogoma kuandikika huenda yanaonyesha kasoro ya amri yenyewe. Hata hivyo git checkout bado ipo, na maneno yake bado yanasomwa.

Toleo hilohilo lilibadilisha pia dokezo la git status: ili kuondoa faili kwenye eneo la maandalizi, sasa unaelekezwa kwenye git restore --staged, badala ya git reset HEAD. Ni afadhali, maana jina linakaribia kazi. Lakini dokezo halisemi kwamba ulichoandika ndani ya faili kitabaki salama, na ukisahau --staged, huenda kisibaki.