Nyuzi 13 kwa Lita Tisa

Julai 2023, jiji la Phoenix lilikaa siku 31 mfululizo likifika nyuzi joto 43 au zaidi, kuanzia tarehe 30 Juni. Usiku nao haukuleta nafuu: kwa siku 16 mfululizo joto halikushuka chini ya nyuzi 32, hata alfajiri. Nilikuwepo. Kazi yangu mwezi ule ilikuwa kumwagilia mimea ya jirani zangu, mzee na mkewe, wastaafu wote wawili, ambao siku chache kabla ya joto kukolea walifunga trela nyuma ya pikapu wakaondoka, wasirudi hadi Septemba. Waliporudi niliazima daftari lao la safari. Nilitarajia habari za machweo na miamba myekundu. Nikakuta jedwali la safu tatu: mwinuko wa kambi, joto la saa tisa alasiri, na lita za maji zilizobaki.

Daftari hilo ndilo ninalolichambua. Mwaka ule Maricopa, kaunti yetu, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto, na watu wa miaka 70 na 67 hawalali porini zaidi ya wiki nane katika kiangazi cha namna hiyo kwa kudra tu. Tena hawakwenda mbali. Flagstaff, Jacob Lake, Bryce Canyon, Moab, Mesa Verde, halafu nyumbani: ni mzunguko wa Arizona, Utah na kona moja ya Colorado, nchi ileile ya jangwa. Kwenye ramani ya kawaida huoni walichokifanya. Unakiona ukisoma safu ya kwanza ya daftari, kuanzia 330, kisha 2,100, kisha 2,400, na kuendelea juu.

Mtu wa Tanga haelezwi sana jambo hili la kupanda mlima kukimbia joto. Februari, mji ukiwa tanuri, anapanda basi la Lushoto, na kabla hajafika Soni ameshafunga dirisha. Phoenix iko mita 330 juu ya usawa wa bahari, Flagstaff iko mita 2,100, na kati yao ni kama kilomita 230 za barabara kuu namba 17. Wastani wa joto la mchana mwezi Julai ni nyuzi 41 huku chini na 28 kule juu. Nyuzi 13 kwa mwendo wa asubuhi moja, yaani zaidi kidogo ya nyuzi 7 kwa kila mita 1,000. Usiku Flagstaff unajifunika blanketi.

Wengi hulijua hilo, lakini hulichukulia kama starehe. Mzee alilichukulia kama hesabu ya nishati, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu upya. Betri ya trela yake ina uwezo wa wati-saa 1,200 hivi. Kiyoyozi cha juu ya paa hula karibu wati 1,200. Maana yake betri iliyojaa inakipa kiyoyozi saa moja tu, basi, na paneli ya sola ya wati 200 itahitaji siku nzima ya jua kuirudisha. Jenereta ndogo ingefanya kazi hiyo kwa karibu lita moja ya petroli kwa saa, pamoja na kelele ambayo jirani yeyote wa kambini ataikumbuka. Sasa tazama upande wa pili. Pikapu na trela kwa pamoja ni tani nne. Kuziinua kutoka Phoenix hadi Flagstaff ni kazi ya kilowati-saa 19 na ushei. Lita ya petroli ina karibu kilowati-saa tisa, na injini hufaidi kama robo yake. Kwa hiyo gharama ya mlima wenyewe, ukiacha ile ya kwenda mbele ambayo ungelipa hata kwenye tambarare, ni kama lita tisa. Lita tisa zingewasha jenereta kuanzia asubuhi hadi jioni ya siku moja. Zikitumika kupanda, zimenunua nyuzi 13 kwa muda wowote utakaopenda kukaa.

Kutokana na hesabu hiyo kiyoyozi kikawa mzigo tu juu ya paa. Umeme uliobaki ulitosha taa, simu, pampu ya maji na redio. Kulikuwa na kero moja ambayo mwenye sola yeyote anaijua: kivuli cha misonobari kinapoza trela na kuua paneli. Wakaishusha paneli, wakaifunga waya mrefu, na kila baada ya saa mbili mke wa mzee, ninayemwita Mama, alikuwa akiihamisha kufuata jua kama mtu anayeanika mpunga.

Mpangilio wa kambi nao haukuwa wa kubahatisha. Walianza mita 2,100 karibu na Flagstaff kwa siku sita. Jacob Lake, kwenye uwanda wa Kaibab kaskazini mwa Grand Canyon, ni karibu mita 2,400, na Bryce ni kimo hichohicho. Kisha wakavuka Boulder Mountain kwa barabara namba 12, inayogusa karibu mita 2,900. Mwili wa mzee haupendi kurukishwa kutoka jangwani hadi kimo hicho kwa siku moja: kichwa kinauma, usingizi unakatika, moyo unaenda mbio kitandani. Ngazi kwa ngazi damu inazoea. Mzee anakunywa vidonge vya presha vinavyotoa maji mwilini, na katika hewa kavu dawa hizo huweza kumkausha mtu kabla hajahisi kiu, kwa hiyo safu ya maji katika daftari ilikuwa na herufi mbili pembeni kila siku, ya mume na ya mke, na alama ya kila chupa iliyokwisha.

Maji ndiyo yaliyoamua urefu wa kila kituo. Kwenye misitu ya taifa na ardhi ya umma ya Magharibi unaweza kulala bure, pasipo bomba wala choo, na ukomo wa kawaida ni siku 14. Jirani zangu hawakuufikia hata mara moja. Tangi la trela ni lita 110, na madumu mawili ya lita 20 yanafanya 150. Lita nne kila mmoja kwa kunywa, kisha vyombo, mikono, na kuoga kwa taulo lililoloweshwa: lita 20 kwa siku kwa watu wawili. Siku ya saba tangi linalia. Wakati huohuo tangi la chooni linakaribia kujaa, na hilo halimwagwi porini. Linahitaji kituo chenye shimo lake. Mzunguko wote ukafuata mdundo huo: siku sita msituni, siku moja kwenye kambi ya kulipia yenye bomba na kituo cha maji taka, kisha msituni tena. Aliyekulia mahali ambapo simtanki linajazwa mara moja kwa wiki angeizoea ratiba hiyo bila kufundishwa.

Kambi za kulipia zenyewe ziliwagharimu nusu. Kitambulisho cha wazee cha hifadhi za taifa, kwa raia au mkazi wa kudumu mwenye miaka 62 na zaidi, kinafungua malango maisha yote na kupunguza ada nyingi za kambi za serikali kwa asilimia 50. Bei yake ni dola 80 tangu mwishoni mwa Agosti 2017. Kabla ya hapo ilikuwa dola 10, na mzee alikimbilia dirishani wiki ya mwisho. Habari hiyo nimeshaisikia mara nne.

Kosa kubwa la safari lilikuwa Moab.

Mama alitaka kuona matao ya mawe ya Arches, na nani angemkatalia. Lakini Moab iko mita 1,230 tu, na wastani wa mchana wa Julai pale ni nyuzi 37. Kwa mara ya kwanza waliacha kanuni yao, wakalipia kambi yenye umeme mjini wakitegemea kiyoyozi. Mchana, trela zote zilipowasha viyoyozi kwa pamoja, umeme ukanywea. Kiyoyozi kinachotaka volti 120 kikipewa pungufu sana kinavuta mkondo mkubwa, kinapata moto na kujizima. Kilijizima saa nane, kikajizima tena saa tisa. Ndani ya trela, ambayo kimsingi ni sanduku la bati juani, joto likapanda hadi daftari likaandikwa alama ya mshangao badala ya namba.

Hatari haikuwa jasho. Ilikuwa friji. Friji lao ni la zamani, la gesi, lisilo na kompresa. Moto mdogo huchemsha amonia, na baridi hupatikana inapovukizwa upande wa pili. Chombo hicho hakina kelele, kinataka trela isimame sawasawa bila kuinama, na uwezo wake unafuata joto la nje: nje kukiwaka, ndani nako kunapanda. Na humo ndimo ilimokuwa insulini ya Mama. Kalamu iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, huvumilia siku 28 ikiwa haizidi nyuzi 30. Akiba ambayo haijafunguliwa inataka ubaridi wa kweli, na haitakiwi kukaribia barafu.

Waliokoa akiba kwa sanduku la barafu la dukani, na kalamu kwa mfuko wa kitambaa unaoloweshwa maji. Huu ni mtungi uleule wa bibi zetu: maji yanapovukizwa yanaondoka na joto. Ndiyo maana mtungi wa Dodoma hupoza kuliko wa Unguja. Pwani hewa imeshashiba maji, haina nafasi ya mengine. Jangwani hewa ina kiu kali, na mfuko wa maji huko unafanya kazi vizuri ajabu.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya jua, walirudi kwenye hesabu. Milima ya La Sal inasimama juu kabisa ya Moab, na kwa chini ya saa mbili za mwendo wa taratibu walikuwa mita 2,800, kati ya miti ya aspeni, na miili yao ilikuwa imeshazoea kimo. Arches waliiona vilevile: walishuka gizani na pikapu tupu, wakatembea tangu mapambazuko, saa nne walikuwa wameshageuka. Kulala juu na kutembelea chini. Ningeshauri wafanye hivyo tangu mwanzo, nao wanakubali, ingawa kila mmoja anasema lilikuwa wazo lake.

Mambo madogo nayapita haraka. Kwa mita 2,400 maji huchemka karibu nyuzi 92, kwa hiyo maharage yanaweza kukaa jikoni mchana kutwa yasiive, na bila sufuria la presha gesi inakwisha bure. Moto wa kuni hawakuuwasha kabisa: mvua za kiangazi mwaka ule karibu ziikose Phoenix kabisa, na misitu ilikuwa kibiriti. Miaka miwili baadaye moto ulioitwa Dragon Bravo uliteketeza hoteli ya kale ya North Rim, ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon, mwendo wa saa moja hivi kutoka kambi yao ya Jacob Lake. Wala hawakulala kwenye korongo la mchanga, hata lililo kavu na lenye kivuli. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa katika Antelope Canyon kwa mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali, kilomita kadhaa kutoka waliposimama.

Kuhusu saa, nilicheka. Arizona haisogezi saa majira ya joto. Utah na Colorado zinasogeza. Taifa la Navajo, ndani ya Arizona, linasogeza, na Wahopi, waliozungukwa na Wanavajo, hawasogezi. Tuba City na Moenkopi zinatazamana ng'ambo ya barabara zikiwa na tofauti ya saa nzima. Mzee alichoka, akaanza kuandika saa tangu jua lilipochomoza: kuondoka saa sifuri, kuegesha saa nne. Nikamwambia mimi nimesoma saa hivyo tangu utotoni.

Kutoka Mesa Verde walipita Kayenta, wakakaa tena Flagstaff wakingoja Phoenix ipoe. Haikupoa. Walichagua kushuka usiku, kwa gia nzito ili breki zisiungue, wakisoma vibao vya mwinuko kimoja baada ya kingine. Ukurasa wa mwisho hauna safu ya maji. Una mistari mitano, ya kwanza 2,100 na nyuzi 16, ya mwisho 330 na nyuzi 36, saa nne usiku, na kando yake mwandiko wa Mama: dirisha lilifungwa Camp Verde.