Albamu kama Diwani: Tahakiki ya Muziki wa Kiswahili wa Miaka ya Karibuni

Katika idara zetu za lugha kumezoeleka mambo mawili kila unapotajwa muziki wa vijana. La kwanza ni lawama, kwamba waimbaji wa siku hizi wanakiharibu Kiswahili. La pili ni kuchopoa ubeti mmoja au miwili, kuitia katika tasnifu kama ushahidi wa maudhui fulani, kisha kuuacha wimbo wenyewe bila kusikilizwa. Ijapokuwa yaonekana kupingana, mambo haya yana kosa moja: hayautazami wimbo kama sehemu ya kazi kubwa zaidi aliyoikusudia mtunzi. Makala haya yanapendekeza kwamba albamu isomwe kama tusomavyo diwani, na yanazipima kwa kipimo hicho kazi chache zilizotolewa kati ya mwaka 1989 na 2021.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba chombo hutawala utungo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo wa taarabu, ambao barazani ungeweza kurudiwa kadiri ya furaha ya wasikilizaji, ulilazimika kukatwa au kugawanywa. Baadaye, santuri ndogo zilizotolewa Nairobi katika miaka ya 1970 aghalabu ziliugawa wimbo wa dansi sehemu mbili: maneno yakatangulia upande wa kwanza, na magitaa yakatamba upande wa pili. Kanda za kaseti zikairudishia taarabu nafasi yake, hata baadhi ya nyimbo za taarabu ya kisasa katika miaka ya 1990 zikapita dakika kumi. Leo wimbo husambazwa peke yake kwa mtandao, nao mara nyingi umerudi katika dakika zile zile tatu za Siti. Kwa hiyo, mhakiki anayeulaumu wimbo wa leo kwa uhaba wa maneno hana budi kuuliza kwanza ni chombo gani kilichoufupisha.

Swali la pili ni la msemewa: albamu inasema na nani? Jibu huanzia katika jina. Mwaka 1989 Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyefanya kazi yake kubwa Dar es Salaam, alitoa *Songs for the Poor Man* kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Jalada lasema na mnunuzi wa Ulaya. Lakini ndani, katika nyimbo kama “Sauti ya Mnyonge” na “Muziki Asili Yake Wapi”, anayesemeshwa ni mtu wa kwetu, kwa Kiswahili chepesi cha mitaani. Jina ni la kigeni, ila dhamira haikuhama. Mnyonge anayetajwa jaladani ndiye anayepewa sauti ndani, na kwa sababu hiyo albamu yote ina kitovu kimoja.

Mfano wa kinyume unapatikana Nairobi. *Kilio cha Haki*, albamu ya mwaka 2004 iliyowakusanya vijana wa Ukoo Flani Mau Mau na wenzao, ina jina la Kiswahili ambalo mwalimu yeyote angelikubali, ilhali ndani imejaa Sheng. Wapo watakaoitupa kwa sababu hiyo. Sisi twaona kwamba jina na lugha ya ndani vinagawana kazi. Kiswahili cha jaladani ni cha mashtaka yanayoletwa mbele ya umma. Sheng ya ndani ni ya mashahidi wenyewe, wakisema kama wasemavyo kwao. Kuwataka mashahidi hao waseme kwa Kiswahili sanifu ni kuubadilisha ushahidi wao.

Albamu inayostahili zaidi kuitwa diwani, kwa maoni yetu, ni *Machozi Jasho na Damu* ya Profesa Jay (2001). Tuchukue “Ndiyo Mzee”. Mgombea anamwaga ahadi, kila moja ikiipita iliyotangulia, na umati unaitikia kwa maneno mawili yaliyo jina la wimbo. Katika shairi la kimapokeo, kituo hukaza maana ile ile kila kinaporejea. Hapa kiitikio hakibadiliki hata silabi, lakini maana yake inahama: mwanzoni ni heshima, katikati ni mazoea, na mwishoni ni shutuma juu ya hao wanaoitikia. Fauka ya hayo, mtunzi anaiheshimu mkazo. Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, naye huviweka vina vyake hapo, hata neno husikika kama linavyosemwa. Watunzi wengi waliomfuata huusukuma mkazo hadi silabi ya mwisho ili kufuata tuni iliyobuniwa kwa lugha nyingine. Huo ndio uharibifu unaofaa kulalamikiwa, nao hauhusiani na msamiati. Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 2015, msanii huyu alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. Wimbo wake ukawa kipimo ambacho wapigakura wangeweza kumpimia yeye mwenyewe.

Tukija kwenye kazi za karibuni zaidi, *I Am Zuchu* ya mwaka 2020 ni mkusanyiko mfupi wa nyimbo saba, na jina lake ni la kujitambulisha kwa wageni. Hata hivyo, katika “Mauzauzo” mwimbaji anaimba na mama yake, Khadija Kopa, mmoja wa wakongwe wa taarabu ya kisasa. Kwa kipimo cha diwani, wimbo huu ndio uti wa mgongo wa mkusanyiko, kwa kuwa unaonyesha alikotoka msemaji. Upungufu wake ni kwamba urithi huo haukuenezwa katika nyimbo nyingine. Umewekwa kama picha ya mzee ukutani, huku mazungumzo ya sebuleni yakiendelea bila yeye.

*Only One King* ya Ali Kiba (2021) ina sauti iliyokomaa na matamshi yaliyo wazi. Lakini wageni waalikwa kutoka Nigeria, Ghana na Kenya ni wengi, na nyimbo kadhaa zina majina ya Kiingereza. Kila mgeni amekuja na hadhira yake, na mwenyeji amelazimika kumhudumia kila mmoja kwa zamu. Nyimbo moja moja zinapendeza. Albamu haina msemewa mmoja. Jina ladai mfalme ni mmoja, lakini raia wake hawajulikani ni akina nani. Remmy naye alikuwa na soko la kigeni, wala hilo halikumtoa katika shabaha yake. Kwa hivyo hatuwezi kulitwika soko lawama yote.

Hatusemi kwamba kila albamu ni diwani. Nyingine ni vikapu vya nyimbo, na hapana ubaya kuziita hivyo baada ya kuzisikiliza. Tunalolisema ni kwamba hukumu itolewe baada ya kuuliza maswali matatu: chombo kimeufanya nini utungo, msemewa ni nani, na mkazo wa lugha umelindwa au umevunjwa. Maswali haya ni ya taaluma yetu; hatuna sababu ya kuwaachia wengine. Lebo za santuri za Nairobi aghalabu zilichapwa jina la mtunzi. Wimbo wa mtandaoni mara nyingi humfikia msikilizaji na jina la mwimbaji tu. Ikiwa idara za Kiswahili hazitaanza kuziorodhesha albamu hizi pamoja na watunzi wake, na kuyaandika maneno yake kama yalivyoimbwa, basi wanafunzi watakaokuja watalazimika kuhakiki nyimbo ambazo wenyewe hawatajulikana.