Idadi ya Wageni: "Ililala" au "Walilala"?

Kanuni ifundishwayo katika madarasa mengi ni nyepesi kukariri: kitenzi hupatana na nomino iliyotangulia. Kwa hiyo "idadi kubwa ya wageni walilala msikitini" huhesabiwa kuwa kosa, na hudaiwa kwamba ni uigaji wa Kiingereza. Hukumu hiyo yastahili kupimwa upya, maana mwanafunzi hupoteza alama kwayo.

Kiingereza hutenganisha maana mbili kwa vineno vinavyotangulia nomino: penye "the number" kitenzi huwa cha umoja, penye "a number" huwa cha wingi. Kiswahili hakina vineno hivyo. Mzigo wa kubainisha maana wakiangukia kiambishi cha kitenzi. Katika "idadi ya wageni ilizidi mia", kilichozidi ni hesabu. Katika sentensi ya msikitini, waliolala ni watu, hesabu hailali.

Wala jambo hili si geni katika lugha. Kiboko cha ngozi "kimekatika", bali kiboko wa mtoni "amekufa": umbo la nomino ni lile lile, uhai ndio uamuao. Mtetezi wa kanuni aweza kujibu kwamba "ya" imekwisha kukifunga kirai chote kwa "idadi". Lakini katika "rafiki zangu wamefika" kimilikishi chafuata umbo la nomino na kitenzi chafuata uhai, wala hapana anayesahihisha. E. O. Ashton aliueleza upatanisho wa namna hiyo katika sarufi yake ya 1944. Ni kweli kwamba rafiki ni kiumbe na idadi si kiumbe. Hata hivyo, mfano huo watosha kuonyesha kwamba viambishi viwili vya sentensi moja havilazimiki kutii bwana mmoja.

Hoja hii ina mpaka wake. Kisicho na uhai hakina msaada huo: "idadi kubwa ya viti imevunjika" yaudhi maana, na "vimevunjika" yaudhi kanuni. Hapo dawa si kuchagua kiambishi, bali kukiacha kirai chenyewe, kwani "viti vingi vimevunjika" yatosha. Ikiwa upo uigaji wa Kiingereza, basi aghalabu umo katika "idadi kubwa ya", wala haumo katika "wa-" ya kitenzi. Hapo ndipo kalamu nyekundu ya msahihishaji ingepaswa kuanzia.