Kumjua Fundi wa Vitasa Kabla Hajashika Drili

Katika kazi ya vitasa, mteja hulipa jasho kwa moyo mkunjufu na ujuzi kwa manung'uniko. Mlango umejifunga kwa upepo, ufunguo uko mezani ndani. Fundi anafika na bodaboda, anachungulia, anapenyeza kipande chembamba cha plastiki kati ya mlango na mwimo, anausukuma ulimi wa kitasa, mlango unafunguka. Dakika tatu. Anadai shilingi 20,000 walizopatana kwenye simu, na mwenye nyumba anang'aka: "Dakika tatu tu, elfu ishirini?" Fundi akifokewa hivyo mara kadhaa hujifunza. Safari nyingine atakuja na drili, atatoboa, atamwaga unga wa chuma sakafuni, atajifuta kijasho, na utamlipa 60,000 huku ukimshukuru. Halafu utanunua kitasa kipya.

Kwa hiyo gharama nyingi zinazotushtua katika ufundi huu tumezifundisha wenyewe. Fundi hodari wa vitasa ni yule anayefungua bila kuvunja, na kazi yake ikiwa nzuri haina cha kuonyesha: mlango mzima, kitasa kizima, skrubu zile zile. Huyo ndiye wa kulipwa vizuri, tena bila kinyongo.

Utamtambua kabla hajafungua begi. Swali lake la kwanza halihusu kitasa. Atauliza nyumba ni ya nani. Atataka kitambulisho, au jirani wa kukutambua, au umpigie baba mwenye nyumba simu yeye akisikia. Kuna wanaomwita hata mjumbe ashuhudie. Usikasirike hata kidogo. Asiyekuuliza wewe hatamuuliza na mwingine atakayesimama mbele ya mlango wako ukiwa safarini.

Maswali yanayofuata ni kama ya daktari. Mlango umefungwa kwa ufunguo au umejibamiza tu? Mkono wa kitasa unashuka? Ufunguo unaingia wote au unakwama katikati? Tatizo lilianza lini, kabla ya masika au baada? Hili la mvua huwashangaza wateja, ila kwa mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa lina maana kubwa. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, bawaba hulegea kwa uzito, mlango hushuka kidogo, na ulimi wa kitasa haulengi tena tundu lake kwenye mwimo. Mwenye nyumba anakaza ufunguo, ufunguo unapinda, anasema kitasa kimekufa. Kumbe kitasa hakina kosa.

Kipimo cha jambo hili unaweza kukifanya mwenyewe leo. Fungua mlango, uache wazi, kisha zungusha ufunguo. Ulimi ukitoka na kurudi kwa ulaini mlango ukiwa wazi, lakini ukigoma mlango ukifungwa, dawa ni kukaza bawaba au kupanua tundu la mwimo kwa tupa. Fundi anayekuuzia kitasa kipya bila kufanya jaribio hilo hajui kazi, au anaijua sana.

Ili bei isikupite, elewa kidogo kilichomo ndani. Vitasa vingi vya milango yetu ya mbao ni vya leva: mna vibamba vyembamba vilivyolaliana, na kila jino la ufunguo huinua kibamba chake hadi kimo kimoja tu. Vyote vikifika sawasawa, ulimi hupita. Vya bei rahisi huwa na leva mbili au tatu, vya maana vina tano; Uingereza kampuni nyingi za bima hudai leva tano na alama ya kiwango cha BS 3621 kabla ya kukubali mlango wa mbele. Aina ya pili ni ya silinda, yenye ufunguo bapa, ambamo pini ndogo husukumwa na springi. Mpangilio huo wa pini Linus Yale mdogo, wa Marekani, aliupatia hataza katika miaka ya 1860, na haujabadilika sana tangu hapo.

Tofauti hii ni ya fedha. Ukipoteza ufunguo wa kitasa cha silinda kilichozamishwa mlangoni, huhitaji kununua kitasa kizima. Silinda hushikwa na skrubu moja ndefu inayoingia ukingoni mwa mlango, usawa wa tundu la ufunguo. Ikifunguliwa, na ufunguo wa akiba ukageuzwa kidogo, silinda huchomoka, mpya huingia, mkono na bamba hubaki vile vile. Hata kama ufunguo haupo kabisa na imebidi kutoboa, kinachotobolewa ni silinda peke yake. Anayekuambia lazima kila kitu king'olewe, mwombe akuonyeshe kilichoharibika.

Kwa kitasa cha leva, pima umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo, na urefu wa boksi lililozama ndani ya mbao. Kitasa kipya kikitofautiana na cha zamani hata kwa sentimita moja, itabidi patasi itumike, mlango uchimbwe, tundu la zamani lizibwe, na hapo utakuwa umemwajiri seremala bila kukusudia. Nenda dukani na kitasa cha zamani mkononi. Nenda mwenyewe ukiweza, maana fundi akitumwa peke yake huongeza cha juu, na si kila wakati kwa ubaya. Ni desturi ya mjini. Chukua risiti ya EFD, na boksi lifunguliwe mbele yako.

Kuhusu kuchonga funguo nitasema zaidi, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunakutana na ufundi huu: kimeza chini ya mwavuli, Kariakoo au karibu na stendi yoyote, jiliwa dogo, tupa za ukubwa mbalimbali, na ubao uliotundikwa funguo ambazo bado hazijachongwa. Wengine wana mashine. Mashine si uthibitisho wa ubora. Nimeona wazee wa tupa wanaochonga kwa jicho ufunguo unaoingia mara ya kwanza, na vijana wa mashine wanaorudia mara nne.

Mtazame anavyochagua ufunguo mbichi. Aliye makini hupitisha kidole kwenye mfereji wa pembeni, analinganisha urefu, unene na bega la ufunguo wako, ndipo anapoubana pamoja na ule wa mfano. Anayechukua uliokaribia kufanana kisha akaupunguza kwa tupa ili uingie, atakupa ufunguo unaocheza tunduni na kula pini polepole. Uliza chuma gani. Shaba iliyochanganywa zinki huvumilia. Kuna za bati laini ambazo hupinda kwa joto la mfuko wa suruali, nikitia chumvi kidogo. Akimaliza kuchonga, aliyefundishwa vizuri husugua meno kwa brashi ya waya, kwa sababu vijichembe vya chuma vikibaki huangukia ndani ya kitasa. Uguse ukingoni. Ukikwaruza kidole, haujamalizika.

Mpe ufunguo wa asili, uliokuja na kitasa. Kopi huwa na kosa dogo, kopi ya kopi hurithi kosa hilo na kuongeza lake, na ya tatu huwa inafungua siku inayotaka. Usimwachie ufunguo ukaenda kunywa chai, hata kama mnafahamiana. Alama ya ufunguo kwenye kipande cha sabuni huchukua sekunde chache, na hiyo kila mtu wa mjini anaijua. Kaa hapo, pokea wako na mpya kwa pamoja, na mwelewane kuwa ufunguo usipofungua utarudi kurekebishiwa bure. Mchonga funguo mwenye kijiwe cha kudumu hukubali papo hapo. Kijiwe ndicho dhamana yake.

Vishoka wa kazi hii hawana kijiwe. Wana namba ya simu iliyobandikwa kwenye nguzo, au tangazo lenye bei inayochekesha kwa udogo. Ndugu zetu walioko Marekani wanaukuta mchezo huo huo: tume ya serikali inayolinda wateja, FTC, imekuwa ikiwatahadharisha watu dhidi ya mafundi wanaotaja bei ndogo kwenye simu, wakifika wanadai mara nyingi zaidi, na kusema tangu mwanzo kwamba kitasa lazima kitobolewe. Dalili hiyo ya mwisho ishike popote ulipo. Kutoboa ni hatua ya mwisho. Fundi anayeitaja kabla hajaona mlango anakuuzia kitasa, hajaja kukufungulia.

Bei ipatanwe kwa vipande, kwenye simu, kabla hajapanda bodaboda. Nauli kiasi gani, na inalipwa hata akishindwa? Ufundi kiasi gani akifungua bila kuvunja? Kiasi gani ikibidi kutoboa? Usiku kuna nyongeza? Vifaa nani ananunua? Iandike kwenye ujumbe mfupi na mwombe ajibu "sawa". Fundi mwaminifu atakujibu kwa makadirio, mathalani "kati ya kiasi hiki na hiki, nikiona nitakwambia". Anayesema "usijali, tutaelewana" ana bei tayari, anasubiri kuona sebule yako.

Makufuli yana hadaa zake. Mengi ya rangi ya dhahabu ni chuma kilichopakwa, na kwa hewa ya chumvi ya pwani huanza kuota kutu ndani kabla hujaiona nje. Beba sumaku ndogo: shaba halisi haishikwi na sumaku. Kwenye upinde wa kufuli, jaribu tupa kidogo mahali pasipoonekana. Chuma kilichopikwa vizuri huifanya iteleze, chuma laini hukubali kukwaruzwa. Kisha chukua ufunguo wa kufuli jingine katika boksi lile lile uujaribu. Usicheke, kuna siku linafunguka. Na muuzaji akikuambia kufuli lake halifunguki na mtu yeyote duniani, mkumbushe habari za London. Kufuli la Joseph Bramah lilikaa miaka zaidi ya 60 kwenye dirisha la duka likiahidi gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo wake. Mwaka 1851 Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua, kwa saa 51 za kazi zilizotawanyika katika siku 16.

Hata hivyo mwizi wa mtaani hana siku 16. Hang'ang'ani na kufuli. Anachomeka mtalimbo kwenye tumbuu lililoshikwa na skrubu fupi mbili na kulichomoa lote, kufuli likiwa bado limefungwa kwa heshima zake. Fundi anayekuuzia kufuli la bei kubwa bila kutazama tumbuu, bawaba na mwimo amekuuzia nusu ya kazi.

Ufunguo wa gari ni habari nyingine, nami nitaipita haraka. Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani yana chipu ndani ya ufunguo, na mara nyingi huja na ufunguo mmoja. Uliochongwa bila kuprogramiwa utafungua mlango na kuzungusha swichi, lakini injini haitawaka. Uliza kama bei ni ya kuchonga pekee au pamoja na programu. Kutengeneza wa pili ukiwa na wa kwanza ni kazi nyepesi. Ukishapoteza wote, fundi huanzia kwenye kompyuta ya gari, na bei nayo huanzia huko.

Utunzaji hauna gharama. Usimimine mafuta ya kupikia kwenye kitasa. Hushika vumbi na kugeuka gundi. Unga wa risasi ya penseli, ukiupaka kwenye meno ya ufunguo na kuuingiza mara kadhaa, hulainisha bila kunasa uchafu. Ukihamia nyumba ya kupanga, zungumza na mwenye nyumba ubadilishe silinda au kitasa kwa gharama mtakayoelewana, kwani hakuna anayejua mpangaji aliyetoka alichonga ngapi.

Kazi ikiisha, mwambie fundi akuachie kitasa au silinda ya zamani, hata kama anasema ni takataka. Ikiwa nzima isije ikafungwa kwa mtu mwingine kwa bei ya mpya. Jaribu kila ufunguo, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Na funguo zote zilizokuja kwenye boksi ni zako: zihesabu kabla hajaondoka.